Herufi Kubwa Si Kofia ya Mkubwa



Juma hili twaacha kidogo Kifaransa chetu cha kila siku, tujibu swali ambalo vijana wametuletea mara nyingi: Katika lugha ya Kiingereza majina huandikwaje, na herufi kubwa huwekwa wapi? Labda mtu atasema: «Herufi ni kitu kidogo. Mtu akifahamika, yatosha.» Sisi pia tuliwahi kufikiri hivyo. Lakini kosa letu wenyewe lilitufundisha vingine, nalo twataka kuliungama hapa mbele yenu kabla ya kuanza somo.

Katika darasa letu palikuwa na mvulana mmoja, mtoto wa katekista. Padri mmoja Mwingereza, aliyekaa katika misioni yetu miaka michache, alimpenda kwa sababu ya bidii yake. Hata aliporudi kwao kwa ajili ya ugonjwa, aliendelea kumlipia minervali ya shule. Mwaka mmoja baba yake yule mvulana akafa ghafula. Mtoto akakaa chini, akamwandikia mfadhili wake kwa Kiingereza, kwa maneno machache: «My Father is dead. He died on thursday and we have buried Him near the church.» Alikusudia kusema: Baba yangu amekufa. Alikufa siku ya Alhamisi, nasi tumemzika karibu na kanisa.

Baada ya majuma matano jibu likafika. Lilikuwa barua ndefu, nzuri, yenye maneno ya kufariji. Lakini yote ilihusu kifo cha Padri mkuu wa misioni yetu! Yule Mwingereza alisikitika kwa kumpoteza mwenzake wa kazi. Alieleza jinsi alivyomtolea Misa. Akamwomba kijana awasalimu Wakristo waliobaki bila mchungaji. Padri mkuu mwenyewe, mzima kabisa, akasomewa barua ile barazani, akacheka hata machozi yakamtoka. Kisha akamwona mtoto amesimama mlangoni, wala hacheki. Naye akanyamaza.

Jioni mtoto akatujia, akasema: «Mwalimu, mimi nilimwandikia habari za baba. Mbona Padri hakumtaja baba hata kwa neno moja?»

Tukamwomba daftari alimoandika barua kabla ya kuinakili. Tukaona «Father» kwa herufi kubwa, na «Him» kwa herufi kubwa, kama wanavyoandika watu wanapomtaja Mungu. Tukafunua kurasa za nyuma. Pale, katika zoezi la miezi mitatu iliyopita, tukakuta wino wetu mwekundu. Mtoto alikuwa ameandika sawasawa, «my father», nasi tulikuwa tumeifuta ile f ndogo na kuandika pembeni: «Mheshimu baba yako, mpe herufi kubwa.» Basi kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa letu.

Tangu siku ile twawafundisha wanafunzi wetu neno moja, nalo ndilo kiini cha somo hili: Herufi kubwa ya Kiingereza haiulizi, «Huyu ni mkubwa namna gani?» Huuliza, «Huyu ni yupi?»

Jina ni nini?

Katika sarufi, jina ni neno linalotaja mtu, mnyama, mahali, kitu au jambo. «Boy» ni mvulana, «goat» ni mbuzi, «village» ni kijiji, «hoe» ni jembe, «truth» ni ukweli: yote hayo ni majina. Waingereza huyagawa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni majina ya kawaida, yaani yale yanayovifaa vitu vyote vya namna moja. «River» ni mto, mto wo wote ule. Kundi la pili ni majina ya pekee, yaani yale yanayotaja mmoja tu na kumtenga na wenziwe: «Ruzizi», «London», «Mary». Majina ya kawaida huanza kwa herufi ndogo, na majina ya pekee huanza kwa herufi kubwa. Hilo ndilo shina. Mengine yote ni matawi.

Kabla hatujapanda juu ya matawi hayo, yatupasa tujue namna ya kuendeleza majina, maana yake kuyaandika kwa herufi zake zote bila kupunguza wala kuzidisha.

Kichwa na mkia

Sisi tukitaka kuonyesha wingi, hubadili kichwa cha neno: mtu, watu, kiti, viti, mti, miti. Mwingereza hubadili mkia. Kwa kawaida huongeza s tu: «book», «books», «goat», «goats».

Neno likiisha kwa s, x, ch au sh, ulimi hauwezi kutamka s ya pili vizuri, ndiyo sababu huongezwa es: «bus», «buses»; «box», «boxes»; «church», «churches».

Neno likiisha kwa y, tazama herufi inayoitangulia. Ikiwa ni konsonanti, y hugeuka ie: «baby», mtoto mchanga, huwa «babies», «city», mji, huwa «cities». Ikiwa ni vokali, y hukaa mahali pake: «boy», «boys», «day», «days». Lakini jina la pekee halikubali kugeuzwa. Ikiwa darasani mna wasichana wawili waitwao Mary, Mwingereza huandika «two Marys», wala si «Maries». Jina la mtu hulindwa, hata mbele ya kanuni.

Maneno mengine yanayoisha kwa f au fe hupata ves: «knife», kisu, «knives», «leaf», jani, «leaves», «wife», mke, «wives». Mengine hukataa: «roof», paa la nyumba, huwa «roofs». Wanafunzi wetu hukumbuka jambo hili kwa maneno mawili yanayofanana: «chief», mwami, huwa «chiefs», lakini «thief», mwizi, huwa «thieves». Twawaambia: mwami hubaki na f yake, mwizi hupokonywa.

Yanayoisha kwa o nayo yana tabia mbili. «Potato», kiazi, huwa «potatoes», na «tomato», nyanya, huwa «tomatoes». Lakini «radio», «photo» na «piano» hupata s peke yake. Tena wako wazee wachache wa lugha wasiofuata kanuni hizo hata kidogo: «man», «men», «woman», «women», «child», «children», «foot», «feet», «tooth», «teeth», «ox», «oxen». Na «sheep», kondoo, habadiliki kabisa, awe mmoja au mia. Hayo hayana dawa ila kuyashika moyoni.

Sisi tuliosoma Kifaransa kwanza tuna mtego wetu wa pekee. Mfaransa husema «des informations», «des conseils», «des meubles», «des bagages», yote kwa wingi. Mwingereza huyahesabu mambo hayo kama maji au unga, vitu visivyohesabika kimoja kimoja: «information», habari; «advice», shauri; «furniture», vyombo vya nyumba; «luggage», mizigo ya safari. Usiyatie s kamwe. Na ajabu ni hii: «news», habari mpya, ina s mkiani, lakini huhesabiwa kuwa umoja.

Neno la mwisho juu ya mkia. Ile alama ndogo ya juu tuliyoizoea katika neno ng'ombe, Waingereza huitumia kuonyesha mali ya mtu. «The boy's book» ni kitabu cha mvulana mmoja. «The boys' book» ni kitabu cha wavulana wengi. Alama hiyo si ya wingi. Mtu akiandika «tomato's» juu ya ubao wa duka lake, hajasema nyanya nyingi, bali amesema kwamba nyanya moja ina mali.

Herufi zilizonyamaza

Wanafunzi hunung'unika: «Mwalimu, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mbona Kiingereza kinatudanganya?» Wana haki ya kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Sababu moja ni kwamba maandishi yalikaa, matamshi yakaenda zake. William Caxton aliweka mtambo wa kwanza wa kupiga chapa katika nchi ya Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476. Vitabu vikaenea, na namna ya kuandika ikaanza kutulia. Lakini midomo ya watu iliendelea kubadilika. Zamani ile k ya «knife» ilisikika. Leo imenyamaza, lakini bado yasimama mlangoni kama askari mzee asiyeambiwa kwamba vita vimekwisha.

Sababu ya pili itawapendeza wale waliojifunza Kilatini. Waingereza walipokea neno la deni kutoka Kifaransa, «dette», bila b. Baadaye wataalamu wakataka kuonyesha kwamba asili yake ni Kilatini, «debitum», wakaingiza b: «debt». Hakuna aitamkaye mpaka leo. Vivyo hivyo shaka: Mfaransa huandika «doute», Mwingereza huandika «doubt», kwa kukumbuka «dubitare». Tena wataalamu nao hukosea. Neno «island», kisiwa, ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, lisilotoka Kilatini. Lakini kwa kulifananisha na «isle», lenye asili ya «insula», watu wakaliingizia s isiyokuwa na haki. Mgeni yule akaingia, akakaa, na sasa ni mwenyeji.

Tukumbuke pia kwamba nchi mbili za lugha moja hazipatani katika yote. Samweli wa kamusi za Waingereza ni Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755. Marekani, Noah Webster alitoa yake mwaka 1828, akapunguza herufi. Ndiyo sababu Mwingereza huandika «colour», rangi, na «centre», katikati, lakini Mmarekani huandika «color» na «center». Yote mawili ni sawa. Lililo baya ni kuyachanganya katika barua moja.

Nasi tujihadhari na majina yaliyo ndugu wa Kifaransa lakini yenye mavazi mengine. «Adresse» ya Kifaransa ina d moja. «Address» ya Kiingereza ina mbili. «Mariage» ina r moja; «marriage» ina mbili. «Exemple» huwa «example». «Enveloppe» huwa «envelope». «Littérature» hupoteza t moja, huwa «literature». Mwanafunzi mwenye busara huandika jozi kama hizi katika ukurasa mmoja wa daftari, Kifaransa upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kuume, akazisoma kila Jumamosi.

Mahali pa herufi kubwa

Sasa tumefika penye shauri letu. Desturi hii ya herufi kubwa si amri iliyoshuka mlimani. Ni mapatano ya watu. Wajerumani hulipa kila jina herufi kubwa, hata nyumba na mbwa. Wadenmarki walifanya hivyo hivyo mpaka mwaka 1948, ndipo wakaacha. Waingereza nao zamani waliyapa majina mengi herufi kubwa. Mtu akitazama Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 ataona karibu kila jina limeinua kichwa. Baadaye wakapunguza, wakabakiza zile za lazima. Hizo za lazima ndizo hizi.

Kwanza, neno la kwanza la kila sentensi, kama kwetu.

Pili, «I», yaani mimi, popote lilipo. Mfaransa huandika «je» kwa herufi ndogo, nasi huandika mimi kwa herufi ndogo. Mwingereza hakuikuza «I» yake kwa kiburi. Wataalamu wengi husema kwamba i moja ndogo, ikisimama peke yake katika maandishi ya mkono, ilikuwa ikipotea machoni.

Tatu, majina ya watu na ya mahali. Hapa pana tofauti na Kifaransa. Mfaransa huandika «le lac Kivu», na «lac» hubaki ndogo. Mwingereza huandika «Lake Kivu», kwa kuwa maneno yote mawili pamoja ndiyo jina la pekee la ziwa lile. Lakini akisema «the lake», ziwa tu, hurudi kwenye herufi ndogo. Vivyo hivyo «south» ni upande wa kusini, herufi ndogo. «South Kivu» ni jina la jimbo, herufi kubwa.

Nne, siku za juma, miezi na sikukuu: «Monday», «January», «Easter». Mfaransa huandika «lundi» na «janvier» kwa herufi ndogo, na hapo ndipo wanafunzi wetu huanguka kila mara. Lakini majira ya mwaka, kama «summer» na «winter», hubaki madogo.

Tano, mataifa na lugha, likiwa jina au likiwa neno la sifa. Mfaransa huandika «un Congolais» kwa kubwa, lakini «un livre congolais» na «le français» kwa ndogo. Mwingereza hapungui: «a Congolese», «a Congolese book», «French», «Swahili». Hapa Kiswahili chetu kiko karibu na Kiingereza, kwani sisi pia huandika Mfaransa, Kifaransa, na nguo za Kifaransa, zote kwa herufi kubwa. Kadhalika masomo ya shule: «history» na «mathematics» ni majina ya kawaida, lakini «English» na «Latin» ni lugha, basi ni kubwa.

Sita, vyeo. Cheo kikishikamana na jina la mtu, huwa sehemu ya jina: «Pope Francis came to Kinshasa in 2023», Papa Fransisko alikuja Kinshasa mwaka 2023. Lakini «many popes», mapapa wengi, ni herufi ndogo, ijapokuwa cheo ni kile kile na heshima ni ile ile. Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, huandikwa «Sister Anuarite». Lakini tukisema alikuwa sista, «she was a sister», ile s huwa ndogo. Je, heshima yake imepungua? La hasha. Katika sentensi ya kwanza twaambiwa ni yupi. Katika ya pili twaambiwa alikuwa nani.

Saba, neno la baba na mama. Likisimama mahali pa jina, huwa jina: «Yesterday Father went to the market», jana Baba alikwenda sokoni. Likitanguliwa na «my», «your», «his» na mengine kama hayo, hurudi kuwa neno la kawaida: «my father», «his mother». Mtoto wetu alipoandika «my Father» kwa kubwa, Padri alisoma kama wasomavyo Waingereza Wakatoliki: Padri wangu. Na lile «Him» likazidisha. Kwa maana vitabu vingi vya sala vya Kiingereza huandika «He» na «Him» kwa herufi kubwa vikimtaja Mungu, na hapo kweli herufi kubwa ni alama ya heshima. Lakini ni heshima iliyowekwa kwa Mungu, wala haigawiwi watu.

Maneno mapacha

Mkitaka kuona nguvu ya herufi moja, tazameni mapacha hawa. «Lent» ni Kwaresima. «lent» ni alikopesha. «Mass» ni Misa. «mass» ni lundo au wingi wa kitu. «March» ni mwezi wa tatu. «march» ni kutembea kama askari. «Job» ni Yobu wa Maandiko. «job» ni kazi. «Turkey» ni nchi ya Uturuki. «turkey» ni bata mzinga. «China» ni nchi ya Uchina. «china» ni vyombo vya udongo mzuri wa mezani. «God» ni Mungu mmoja. «gods» ni miungu ya wapagani. Na «Catholic» ni Mkatoliki, lakini «catholic» ni neno la kawaida, maana yake kitu cha wote, kisichobagua. Kijana aandikaye kwamba anatafuta «a Job» ameandika kwamba anamtafuta Yobu.

Jina lako mwenyewe

Wazazi, fungu hili ni lenu hasa. Jirani zetu wa Rwanda waliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na Burundi ilikifanya Kiingereza lugha rasmi mwaka 2014. Nchi yetu nayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Watoto wetu watavuka mipaka, watajaza karatasi za Kiingereza. Tumeona kijana aliyebatizwa Jean akaandika «John» katika karatasi moja, na Pierre akajiita «Peter», kwa kudhani kwamba jina hutafsiriwa kama maneno mengine. Kisha hati ya kuzaliwa yasema jina moja, diploma yasema lingine, na mtu wa ofisi auliza: «Hawa ni watu wawili?»

Watakatifu huitwa kwa namna ya kila lugha, lakini jina lililo katika hati yako halitafsiriwi. Liandike herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa siku ya kwanza. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Nasi twaongeza, lisipoandikwa sawa, huenda mwenyewe asitambulikane hata mchana.

Mwisho wa habari ya yule mtoto

Siku ya pili yake tulikaa pamoja naye, tukaandika barua nyingine. Hatukubadilisha mengi. Tuliandika «my father» kwa f ndogo, tukaongeza jina la marehemu kwa herufi kubwa, kwa maana hilo ndilo lililomwonyesha yupi. Nasi tukaweka maneno machache chini, tukikiri kwamba kosa lilikuwa la mwalimu.

Jibu la pili lilikuwa fupi. Padri aliomba radhi, akasema amelisoma jina la yule katekista altareni. Mtoto akaikunja barua ile, akaiweka ndani ya kitabu cha sala cha baba yake. Hakutulaumu. Lakini tangu siku ile, kila tuchukuapo wino mwekundu, mkono wetu hungoja kidogo.

Zoezi la nyumbani

Sahihisheni sentensi hizi, wazazi na watoto pamoja:

1. on monday my Uncle went to lake kivu.
2. In lent we pray for the thiefs.
3. i speak french and i study History.
4. The childrens gave me good informations.
5. Yesterday father went to kigali with my Mother.

Majibu ni haya. Msiyatazame kabla ya kujaribu:

1. On Monday my uncle went to Lake Kivu.
2. In Lent we pray for the thieves.
3. I speak French and I study history.
4. The children gave me good information.
5. Yesterday Father went to Kigali with my mother.

Aliyepata yote matano na asifiwe. Aliyekosa asione haya. Mwalimu wake naye alikosa, tena kwa wino mwekundu.

Kwaherini, hata juma lijalo.